Kidole Gumba Kabla ya Valvu

Hedi ya kwanza niliyoichonga kwa mkono wangu bado ninayo. Iko kwenye rafu ya zana, uani kwangu Magomeni hapa Mtwara, imepasuliwa katikati kwa msumeno wa chuma kama mtu anavyopasua papai. Kijana akija kuniuliza habari za kuporti hedi, yaani kuchonga njia za hewa kwenye kichwa cha injini, kitu cha kwanza namkabidhi nusu yake moja, namwambia apitishe kidole kwenye njia ya hewa. Wengi husema, "Mbona laini hivi, fundi!" Ni laini kweli. Nilikesha siku tatu kuilainisha, mpaka ukichungulia ndani unaiona taa ya chumbani. Na pikipiki iliyofungwa hedi hiyo ilishindwa kupanda mlima wa Newala ikiwa na magunia mawili ya korosho.

Kazi inayonilisha ni majokofu na viyoyozi. Injini nilizipenda tangu utotoni kwa sababu ya mjomba wangu wa Newala, aliyekuwa fundi wa malori enzi za barabara ya vumbi tupu. Hizi hedi nazifanya nyumbani, jioni, baada ya kazi na kabla majirani hawajalala. Zana zangu ni chache: mashine ndogo ya kusagia inayoshikwa kama kalamu, tupa mbili za kuzunguka za meno makubwa kwa ajili ya alumini, misasa, venia ya kupimia, mshumaa, na miwani ya kukinga macho. Mshumaa ni wa kupaka kwenye meno ya tupa, maana alumini ni laini, inaganda kwenye meno mpaka tupa inateleza tu badala ya kukata.

Pikipiki ninazoshughulika nazo zaidi ni hizi 125 za pushirodi, yaani valvu (milango ya hewa na moshi) zinafunguliwa kwa fito zinazotoka chini. Ukoo wake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970: silinda moja, kipenyo milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5, sentimita 124 za ujazo. Viwanda vya China viliuchukua mchoro ule, ndiyo maana unaweza kununua hedi ya jina hili ukaifunga kwenye pikipiki ya jina lile na ikakaa. Nyingi zilizoandikwa 150 ni mashine ileile, mwendo wa pistoni uleule, kilichoongezwa ni kipenyo mpaka milimita 62. Ni injini ya watu wa kazi. Haina cheni ya kamshafti inayopanda mpaka kichwani, inavumilia oili iliyochelewa kubadilishwa na jua la mchana kutwa, na fundi wa kijijini anaifungua kwa spana za kawaida.

Kabla ya kugusa chuma, mtu ajue anashughulika na nini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inavuta pumzi mara 50 kila sekunde, kwa sababu injini ya mipigo minne huvuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Pistoni inaposhuka kuvuta, inatumia sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Ndani ya muda huo hewa itoke kwenye kabureta, ikate kona, ipenye kandokando ya valvu, ijaze silinda. Ikijaa sawasawa, lita sita na kidogo zinapita kila sekunde. Ndoo kubwa ya lita 20 inakwisha kwa sekunde tatu hivi. Na hewa ina uzito, lita moja ni gramu moja na kidogo. Kitu chenye uzito kikiwa mbioni hakipendi kukata kona, na kikishapata kasi hakipendi kusimama. Mimi nilianza kuchonga kabla sijalielewa hilo.

Nilipoanza niliamini kwamba tundu kubwa ni nguvu kubwa. Jirani yangu, kaka mmoja wa bodaboda, alikuwa anajiandaa kwenda Newala msimu wa korosho kubeba mzigo kutoka mashambani kwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika. Akaniletea hedi yake akasema, "Kaka, nifungulie mashine ipumue." Nikaifungua. Njia ya kuingiza hewa niliikuta na upana wa milimita 24, nikaiacha na 27. Sakafu ya njia, pale inapopinda kushuka kwenye valvu, niliishusha ili tundu lionekane limenyooka. Halafu nikaanza misasa: namba 80, 120, 240, 400, mwisho dawa ya kung'arishia. Nikampigia picha. Akafurahi, nikafurahi.

Siku ya nne akanipigia simu kutoka huko. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Kaka, kwenye tambarare inakimbia, sikatai. Lakini ikifika mlimani na mzigo inakata pumzi. Natia gia ya kwanza, inakohoa, inazima. Nimeshusha gunia moja, nimepandisha lingine, nimerudi kulifuata." Aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu akaliangalia bonde la Ruvuma lilivyo chini kabisa, anajua maana ya kupanda mara mbili kwa mzigo wa safari moja. Petroli mara mbili, muda mara mbili, na msimu hausubiri. Nilinunua hedi mpya, nikapanda basi kwenda kuifunga mwenyewe, na safari alizokosa nikamlipa.

Nilipokuwa huko sikuweza kupita bila kumwamkia mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti ya kumkanya mtu, hata mtu huyo awe na watoto wake na mvi zake. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mfukoni humo umebeba nini kizito hivyo?"

Nikamtolea hedi. Hakuitazama. Aliingiza kidole cha shahada kwenye njia ya hewa, akafumba macho, akakizungusha polepole mpaka kikafika kwenye siti, pale valvu inapokalia. Akakitoa, akakiingiza tena. Kisha akasema, "Umechonga kwa macho. Hewa haina macho, haijui kwamba humu mnang'aa." Akanyamaza kidogo. "Na mlangoni kabisa umeacha ngazi. Ikate, tuone."

Tukaikata na msumeno wa chuma, kwa zamu, karibu saa nzima. Mimi naamini mtu yeyote anayetaka kuanza kazi hii aanze hapo: anunue hedi iliyokufa kwa wauza chuma chakavu, aipasue katikati ya njia ya hewa, akae nayo. Utaona mambo ambayo tundu halikuonyeshi. Utaona chuma kinene mahali ambapo hukukitegemea na chembamba mahali ulipokuwa unakaribia kuzamisha tupa. Kwenye ile yangu, sakafu niliyoishusha ilikuwa imebaki kama ganda la yai. Ningeendelea kidogo ningetokea nje. Kwenye hedi za gari ni hatari zaidi, maana nyuma ya ukuta ule kuna maji, na ukitoboa hapo hedi imekwisha.

Lakini kilichonishangaza ni ile ngazi aliyoisema mjomba. Hedi ya alumini haina siti ya valvu ya alumini. Kiwandani wanapachika pete ya chuma kigumu, halafu mashine inapita kuchonga mdomo wa pete hiyo. Chini ya pete, pale chuma kigumu kinapokutana na alumini, mara nyingi hubaki ukingo. Kwenye hedi hii ukingo ulikuwa umezunguka karibu nusu ya duara, umetokeza karibu milimita moja. Hewa yote ya injini inapita hapo, mahali pembamba kuliko pote, ikiwa kwenye kasi yake kubwa, na inajikwaa. Mimi na misasa yangu namba 400 hatukufika kule kwa sababu mkono ulikuwa haufiki vizuri. Kilichopaswa kutoka nilikiacha, kilichopaswa kubaki nilikitoa.

Tangu siku ile nimekuwa nikirudia jambo moja kwa kila anayeniuliza. Kazi ya kuporti hedi ya pikipiki ya mzigo iko ndani ya upana wa kidole gumba kabla ya valvu. Huko nyuma, kuelekea kwenye kabureta, karibu kila mara njia inatosha.

Najua maneno matupu hayamtoshi mtu aliyeona video za hedi zinazong'aa kama sufuria mpya, kwa hiyo nieleze nilivyojiridhisha.

Kupima hewa inayopita kwenye hedi si jambo geni. Mwingereza mmoja, Harry Weslake, alijijengea jina kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1920 alipozishughulikia injini za Bentley, na baadaye mkono wake ulifika kwenye hedi ya injini ya XK ya Jaguar. Alichofanya ni kile ninachokifanya kila siku kwenye majokofu: badala ya kubishana, weka gauji, yaani kipimo. Wenye karakana zao wana meza maalumu za kupimia, wanavuta hewa kwa mvuto wa inchi 28 za maji, yaani sentimita 71. Mimi nilitumia mashine ya salfa.

Kila nyumba yenye mikorosho huku kwetu inaijua: injini ndogo ya kubeba mgongoni, feni, na bomba pana linalorusha unga wa salfa juu ya miti kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Msimu wa kupulizia ukiisha inakaa stoo. Niliazima ya shemeji, nikaosha tangi na bomba mpaka harufu ikaisha, maana unga ule unashika moto, nikaiweka nje ambako upepo wa bahari unauchukua moshi wake. Hewa yake nikaiingiza kwenye ndoo ya kwanza yenye mfuniko uliozibwa. Kutoka ndoo ya kwanza kwenda ya pili inapita kwenye tundu moja nililolitoboa kwenye bati nene, milimita 20. Kutoka ndoo ya pili inaingia kwenye njia ya hewa ya hedi, inapenya kwenye valvu, inatokea kwenye kipande cha bomba chenye kipenyo sawa na cha silinda. Valvu naifunga na springi nyepesi, naisukuma kwa bolti: kwanza ifunguke milimita 2, halafu 4, halafu 6.

Gauji nilizipata kwa fundi uashi. Mnaujua ule mpira mwangavu wa maji wanaotumia kusawazisha msingi wa nyumba. Niliukunja uwe na miguu miwili, nikaubana kwenye ubao pamoja na rula, nikatia maji mekundu ya choya ili mstari uonekane vizuri. Nikatengeneza miwili. Wa kwanza unapima tofauti kati ya ndoo ya kwanza na ya pili, yaani hewa inavyobanwa na tundu la bati. Wa pili unapima tofauti kati ya ndoo ya pili na huku nje, yaani inavyobanwa na hedi.

Kwa nini miwili? Kwa sababu mashine ya salfa haitulii. Inapanda, inashuka, petroli ikipungua inabadilika tena. Ukiwa na mpira mmoja hutajua kama maji yameshuka kwa sababu ya kazi yako au kwa sababu injini imechoka. Lakini hewa inayopita kwenye bati ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye hedi. Mashine ikipandisha, maji yanapanda kwenye mipira yote kwa uwiano uleule. Natazama uwiano, basi. Siku moja bati lilisoma sentimita 10 na hedi 21. Baada ya kazi, bati likiwa kwenye 10, hedi ilisoma 17. Gawa 21 kwa 17, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, unapata 1.11. Hedi ilikuwa imefunguka kwa asilimia 11, na sikuwa nimeongeza upana wa njia hata kidogo.

Nilizipima hatua moja moja, na hili ningependa lisomwe taratibu. Kuondoa ngazi iliyo chini ya pete ya siti, maji yalishuka sana. Kuchonga kile kivimbe kinachoshika gaidi, kale kabomba kanakoongoza shina la valvu, kikawa na umbo la samaki, chembamba mbele na nyuma, maji yalishuka tena kidogo. Kulainisha kuta za njia kwa msasa, kutoka ule mkwaruzo wa kiwandani mpaka laini ya kung'aa, maji hayakusogea. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Hayakusogea.

Halafu nikafanya jaribio lililoniondolea ubishi wote. Nilichukua hedi mbovu, nikaishusha sakafu kama nilivyoharibu ile ya kwanza, nikapima. Kisha nikachukua udongo wa kuchezea wa mwanangu, nikaujaza kwenye sakafu ile ile na kuirudishia mgongo wake wa mviringo pale inapopinda. Tundu likawa dogo kuliko mwanzo. Valvu ikiwa wazi milimita 6, hewa iliyopita iliongezeka. Tazama mtaro wa mvua unavyopinda: maji yanakimbilia ukingo wa nje, na kona ya ndani ikiwa kali yanaachana nayo kabisa, panabaki kizunguzungu kisichokwenda popote. Hewa hufanya vivyo hivyo. Ile kona ya ndani ndiyo inayoiongoza igeuke kuelekea kwenye valvu. Ukiikata, hewa inapiga ukuta wa pili na nusu ya mlango inakaa bure.

Na ule upana wa 24 kwenda 27? Eneo la tundu linaongezeka kwa zaidi ya robo, na kasi ya hewa, kwa mvuto uleule wa pistoni, inapungua kwa karibu moja ya tano. Pikipiki ya mashindano inayokaa kwenye mizunguko 10,000 inaweza kuisamehe hasara hiyo. Bodaboda inayopanda kilima na mzigo kwenye mizunguko 3,000 haiwezi, kwa sababu huko chini pistoni inavuta polepole, na kasi ya hewa ndiyo inayosaidia kuendelea kujaza silinda pistoni inapoanza kurudi juu. Ikikosa kasi, hewa inasita, nyingine inarudi ilikotoka. Petroli nayo inadondoka. Kabureta inarusha matone, hairushi mvuke mtupu. Kwenye ukuta unaong'aa matone yanalala na kutambaa kama mafuta kwenye sahani, yanaingia silinda kwa mkupuo. Ndiyo kikohozi alichokisikia yule kaka. Ukuta ulioachwa na mkwaruzo wa msasa namba 80 unayapa matone mahali pa kupasukia. Kung'arisha naweka upande wa ekzosi, unakotokea moshi, peke yake, na huko sababu ni masizi, yasipate pa kushika.

Sasa kazi yenyewe, kama ninavyoifanya leo.

Naanza na kuchora. Napaka wino wa kalamu nene kuzunguka chini ya pete, naingiza tupa kwa mwendo mdogo, naondoa ukingo mpaka chuma na alumini vikutane bila kidole kuhisi kitu. Mdomo huo, kwa ndani, nauacha uwe karibu asilimia 85 hadi 88 ya upana wa valvu. Zaidi ya hapo siti inakosa mwili. Mstari ambao valvu inakalia siugusi na tupa hata kwa bahati mbaya. Nafunga valvu ya zamani mahali pake kama ngao ninapofanya kazi karibu. Gaidi siikati. Nimeona watu wakiikata ili njia iwe wazi. Valvu ya ekzosi inapoza joto lake kwenye siti na kwenye gaidi, na valvu inayoyumba kwenye gaidi fupi itakula siti ndani ya miezi.

Siti yenyewe hukatwa kwa pembe tatu: nyuzi 45 pale valvu inapokaa, 30 juu yake, 60 chini yake, ili hewa igeuke kwa hatua. Hii siifanyi uani. Naipeleka kwa fundi mwenye vikataji vya mkono, nasimama naye, na namwomba siti ya ekzosi aiache na upana wa milimita moja na nusu au zaidi kidogo. Siti nyembamba inapendeza kwenye hewa lakini inaunguza valvu.

Nikirudi nyumbani nasaga valvu kwa dawa, ile nyembamba, kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, nikizungusha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Sauti ndiyo inayokuambia. Mwanzo inakwaruza, halafu inapungua, inakuwa kama mtu anasugua sakafu mbali. Nainua, nafuta, natazama: pete ya kijivu isiyong'aa, imezunguka yote, haijakatika. Nafunga springi, namwaga petroli kwenye njia ya hewa, nageuza hedi na kuangalia upande wa pistoni kwa dakika tano. Tone moja likitokea narudi mwanzo. Naomba hapa nisieleweke vibaya: hedi ambayo haikuchongwa chochote lakini valvu zake zinaziba kabisa inaishinda hedi iliyochongwa vizuri ambayo valvu zinavuja. Mtu akiniambia ana jioni moja tu na hela kidogo, namwambia asage valvu na aache mengine.

Kupima chumba cha moto kunahitaji bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa na kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, kilichotobolewa tundu dogo. Unapaka grisi ukingoni, unalaza plastiki juu ya hedi, unajaza mafuta ya taa kupitia tundu huku unahesabu. Ongeza nafasi ya gasketi na umbo la juu la pistoni, unapata jumla ya nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Kwa injini ya 124, mgandamizo wa 9 kwa 1 maana yake nafasi hiyo ni sentimita 15.5 za ujazo. Wapo wanaokwangua uso wa hedi ili kuupandisha. Kukwangua nusu milimita tu kunaondoa sentimita 1.25 za ujazo na kukufikisha 9.7. Kwa pikipiki ya mzigo, kwenye joto la Mtwara, na petroli ya chupa za barabarani, mimi siivuki hiyo, na mara nyingi sikwangui kabisa. Injini ikianza kugonga mlimani, pistoni haina muda mrefu.

Baada ya hapo ni kuosha. Maji moto na sabuni ya unga, brashi kwenye kila tundu, suuza, rudia, puliza. Chembe ya alumini au ya msasa ikibaki itaenda kwenye ringi na kuzichana kuta za silinda, na mteja atakuja na moshi wa bluu akiulaumu mkono wako kwa haki. Uwazi wa valvu narekebisha na fila, kile kibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Na kwa kuwa hewa imeongezeka, jeti kubwa ya kabureta napandisha namba moja, natembeza kilomita kadhaa, nazima nikiwa mbioni, natoa plagi. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeupe ni njaa ya petroli, na injini yenye njaa inaungua.

Wengine hutaka sauti. Wanakata sailensa, wanapita Shangani saa tano usiku, watoto wanaamka. Kelele ile haiongezi kitu mlimani, na mara nyingi inapunguza, kwa sababu bomba la urefu ule limepangwa lifanye kazi pamoja na valvu. Kazi ya namna hiyo siipokei, hata kwa malipo mazuri.

Mwaka huu yule kaka amerudi. Sikumwita, alikuja mwenyewe, akaweka hedi juu ya meza, akasema, "Jaribu tena, ila usiing'arishe." Nilifanya kazi jioni nne. Alikuwepo siku ya kupima. Alishika rula mwenyewe, akasoma maji ya choya kabla na baada, akaandika namba kwenye kiganja. Wiki iliyopita alinipigia akiwa Newala, juu, upepo unavuma kwenye simu.

"Nimefika, kaka."

"Magunia mangapi?"

"Mawili. Gia ya kwanza pale kwenye kona kali, kwingine kote ya pili."

Anasema tatizo limebaki moja, asubuhi kukiwa na ubaridi kule juu inachelewa kuwaka, mpaka apige kiki mara sita au saba. Nahisi ni jeti ndogo, au skrubu ya hewa niliifungua kupita kiasi nikiwa huku kwenye joto la pwani. Nimemwambia aifunge robo mzunguko, aniambie kesho.